Mazda MX-5 ya 1989 hadi 1997: maswali ya wanaoitengeneza nyumbani

Majibu haya yanahusu MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa zinazoinuka kwenye boneti. Ilionyeshwa hadharani Chicago mwezi Februari 1989 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1997. Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, Marekani wengi wanaiita Miata. Ni gari lilelile. Mengi yanafaa pia kwa gari lolote la michezo la rika hilo, kwa sababu kinachoyasumbua magari haya ni umri zaidi ya kilomita. Mipira hukauka, ethi (nyaya za kurudisha umeme kupitia bodi) hushika kutu, plastiki hupasuka. Ndiyo maana karibu kila jibu linaanza na kupima na kutazama, na kipuri kinanunuliwa mwisho.

Nitajuaje kama injini yangu ni 1.6 au 1.8?

Usitegemee mwaka wa gari peke yake. Injini ya 1.8 ilikuja na mfano wa 1994, lakini Ulaya 1.6 iliuzwa pia sambamba nayo. Tena baada ya miaka yote hiyo, magari mengi yameshabadilishwa injini. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku: ikianza na B6 ni 1.6, ikianza na BP ni 1.8. Ijue kabla hujaagiza chochote, maana kipima hewa, diski za breki na difu (gia ya ekseli ya nyuma) havifanani.

Nahitaji vifaa gani vya kuanzia?

Vichache kuliko watu wanavyodhani. Spana na soketi za namba 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21 (hiyo ya 21 ni ya nati za magurudumu), ufunguo wa pembe sita wa milimita 4, jeki ya magurudumu, stendi mbili nzima, multimita ya kawaida, na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Usiidharau spana ya toki. Kichwa cha silinda cha gari hili ni cha alumini, na aliyekaza plagi kwa hisia za mkono akizidisha ataharibu nyuzi. Plagi zinataka Nm (nyutoni-mita) 15 hadi 23, nati za magurudumu Nm 88 hadi 118.

Cha kuongeza mapema ni kitabu cha matengenezo cha mwaka na injini yako. Taa ya taimingi (ya kupimia muda wa cheche) na kipima kompresheni unaweza kuazima.

Nilinyanyue wapi bila kuharibu bodi?

Mbele, weka jeki katikati ya fremu ya chuma inayobeba injini, si kwenye sampu (bakuli la oili). Nyuma, weka chini ya difu. Stendi zikae kwenye sehemu zilizoimarishwa za ukingo wa chini wa bodi, pale penye alama za jeki ya gari. Ukiona ukingo umepinda au unabonyea ukiubana kwa kidole gumba, acha kwanza. Huenda ndani kumeoza. Zuia magurudumu yaliyobaki chini, na kabla ya kuingia uvunguni lisukume gari kwa nguvu kutoka ubavuni. Kama litaanguka, lianguke ukiwa nje.

Nikizungusha ufunguo nasikia "tik" tu, stata haizunguki. Ni betri?

Mara nyingi ndiyo, lakini kwa gari hili kuna jambo la kuzingatia: betri iko nyuma, kwenye buti, na injini iko mbele. Umeme wa kurudi unapita kwenye bodi nzima. Unaingia bodini kupitia waya mfupi ulio karibu na betri, na mbele kuna waya mwingine unaounganisha bodi na injini. Mmoja wa nyaya hizo mbili ukishika kutu, hata betri mpya haitasaidia.

Pima hivi. Betri ikiwa imepumzika isome volti 12.6 hivi. Mtu azungushe ufunguo huku multimita iko kwenye terminali za betri. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au haina chaji. Kama haishuki sana na stata bado haivuti, hamia kwenye ethi: ncha moja ya multimita iguse terminali hasi ya betri, nyingine iguse chuma kitupu cha injini (itabidi uwe na waya mrefu), kisha mtu azungushe ufunguo tena. Ukiona zaidi ya nusu volti, ethi ni mbaya. Fungua ncha zote, zipige msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu. Kazi hii imeokoa stata nyingi zilizokuwa zinaelekea jalalani bila kosa.

Betri asilia ilikuwa ya aina iliyofungwa, yenye mipira ya kutoa hewa nje ya gari. Ukiweka betri ya kawaida ya maji humo ndani, mvuke wa asidi utaila sakafu ya buti. Inua zulia uangalie. Wengine wamekwishafika huko.

Stata inazunguka vizuri lakini injini haiwaki. Nianzie wapi?

Tafuta kwanza kinachokosekana: moto au petroli. Usibadilishe kitu kabla ya kujua.

Kwa moto, tazama mshale wa mizunguko ya injini stata inapozunguka. Ukitikisika kidogo, kuna ishara inayofika kwenye koili. Ukilala kimya, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya kamshafti iliyo nyuma ya kichwa cha silinda, au plagi ya nyaya zake. Ichomoe, itazame kama ina kijani cha kutu au mafuta, isafishe, irudishe hadi ilie "klik".

Kwa petroli, kwenye chumba cha injini kuna kisanduku kidogo cheusi ambacho kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani kuna matundu yenye majina. Unganisha tundu la F/P na la GND kwa kipande cha waya, fungua ufunguo bila kuwasha, fungua na kifuniko cha tangi la petroli usikilize. Pampu ikivuma, pampu na rilei yake ni nzima. Isipovuma, angalia fyuzi, halafu rilei, halafu umeme unaofika kwenye pampu yenyewe.

Kwa 1.6 kuna ugonjwa wake wa pekee. Injini inawaka stata ikiwa bado inazunguka, ukiachia ufunguo inazima papo hapo. Sababu ni kwamba wakati wa kuwasha, pampu inapata amri kupitia stata. Ukishaachia, amri inatoka kwenye swichi iliyo ndani ya kipima hewa, ambayo inafunga pale kibao chake kinapovutwa na hewa. Swichi ikifa, au bomba la mpira lililo kati ya kipima hewa na injini likipasuka kiasi cha hewa kupita pembeni, pampu haipati amri. Weka ule waya wa F/P na GND ujaribu tena. Injini ikikubali kuendelea, umeshajua tatizo liko wapi. Usiendeshe barabarani ukiwa na waya huo: gari likipata ajali, pampu itaendelea kusukuma petroli hata injini ikiwa imezima.

Inamisi nikikanyaga mafuta, hasa kati ya mizunguko 2,000 na 3,000. Nibadilishe koili?

Nyaya za plagi kwanza. Ni sehemu dhaifu ya gari hili kuliko zote kwenye mfumo wa moto, na zikichoka zinaanza hivyohivyo unavyoeleza: gari tulivu likiwa limesimama, lakini ukilitaka nguvu linashtuka-shtuka. Subiri giza liingie, washa injini, fungua boneti, nyunyizia nyaya ukungu mwembamba wa maji kwa chupa. Nyaya zilizochoka zitaonyesha cheche za buluu zikiruka kuelekea kwenye chuma. Usiziguse.

Kwa multimita, zinatakiwa kuwa karibu na kilo-omu 16 kwa kila mita ya urefu. Moja ikiachana mno na nyingine, badilisha seti nzima pamoja na plagi, ukiacha pengo la milimita 1 hadi 1.1.

Koili ni mbili tu kwenye pakiti moja: moja inapiga silinda ya 1 na ya 4, nyingine ya 2 na ya 3. Hapo kuna msaada mkubwa. Kama silinda zinazomisi ni 1 na 4 pamoja, au 2 na 3 pamoja, ndipo koili inaposhukiwa. Kama ni silinda moja peke yake, shuku waya, plagi, injekta au kompresheni.

Kompresheni ipime injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, petroli imekatwa, mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Kwa 1.6, gari lenye afya linakaribia psi 190, chini ya 135 ni ugonjwa, na tofauti kati ya silinda isizidi psi 28 hivi. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, fikiria gasketi ya kichwa.

Taa ya injini imewaka. Bila mashine ya kusomea nitajuaje?

Kama gari liliuzwa Marekani kama mfano wa 1996 au baada yake, lina OBD-II (mfumo wa kusomea hitilafu kwa kifaa) na kisomeo chochote cha bei nafuu kitafanya kazi. Mengine yanasema kwa kupepesa taa. Rudi kwenye kile kisanduku cha DIAGNOSIS, unganisha TEN na GND, fungua ufunguo bila kuwasha. Taa ya dashibodi itapepesa: mipepeso mirefu ni makumi, mifupi ni mamoja. Mrefu mmoja na mifupi mitano ni 15.

Unazoweza kukutana nazo mara nyingi: 02 na 03 ni ishara za sensa ya kamshafti, 08 kipima hewa, 09 sensa ya joto la maji, 15 na 17 sensa ya oksijeni, 34 valvu ya sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama). Baadhi ya masoko yaliuziwa gari lisilo na taa hiyo kwenye dashibodi. Hapo unatumia taa ndogo ya LED ya volti 12 kati ya matundu ya B+ na FEN ya kisanduku hicho.

Namba hizo zinaitaja saketi, si kipuri. 09 ni waya uliokatika mara nyingi kama ilivyo sensa iliyokufa. Ukishatengeneza, chomoa terminali hasi ya betri, kanyaga breki kwa sekunde 20 hivi, rudisha, endesha, soma tena.

Sailensa inapanda na kushuka gari likiwa limesimama.

Angalia maji ya rejeta kwanza, hata kama unaona ni ajabu. Yakipungua, kiputo cha hewa kinafika kwenye sensa ya joto na kompyuta inachanganyikiwa. Kisha tafuta hewa inayoingia pasipo ruhusa: kifuniko cha kujazia oili, kijiti cha oili, mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa oili kwenye injini), mpira wa servo ya breki, na lile bomba kubwa la mpira baada ya kipima hewa, ambalo hupasuka kwenye mikunjo kwa upande wa chini usioonekana. Likunje kwa mkono uone.

Yote yakiwa sawa, rekebisha kwa utaratibu: injini ya moto, taa na feni zimezimwa, TEN na GND zimeunganishwa, sailensa iwe mizunguko 850 kwa dakika, ukizungusha skrubu iliyojificha chini ya kifuniko cha mpira kwenye mwili wa throto. Taimingi isome digrii 10 kabla ya kilele (pistoni ikiwa juu kabisa). Ukisahau kuunganisha TEN, kompyuta itakuwa inapigana na wewe na kila unachokipima kitakuwa uongo.

Oili inadondoka pale injini inapokutana na gia boksi. Fundi anasema ni sili ya nyuma ya kranki, lazima gia boksi ishushwe. Ni kweli?

Inaweza kuwa kweli. Lakini kabla ya kukubali kushusha gia boksi, panda juu. Nyuma ya kichwa cha silinda, karibu kabisa na ukuta wa moto (unaotenganisha injini na kabini), ndipo ilipo sensa ya kamshafti. Ndani yake kuna oringi moja ndogo. Ikikauka, oili inavuja, inateremka ukutani kwa injini na kudondoka kupitia gamba la gia boksi, mahali hasa ambapo sili ya kranki ingedondokea.

Safisha eneo lote kwa kisafishaji cha breki injini ikiwa baridi, endesha siku moja, kisha pitisha kidole chini ya sensa. Kikitoka na oili, umempata. Gasketi ya kifuniko cha valvu nayo huvujia kona hiyohiyo, kwa hiyo tazama inatoka juu ya sensa au kwenye shingo yake.

Kubadilisha: weka alama ya rangi inayovuka kutoka kwenye sensa hadi kwenye kichwa cha silinda, fungua bolti moja ya namba 12, vuta sensa nje. Oringi ya zamani itakuwa ngumu kama kucha na imekuwa bapa upande mmoja. Weka mpya iliyopakwa oili, rudisha sensa kwenye alama, halafu hakikisha taimingi kwa taa. Kilicho kigumu ni nafasi tu. Mwenye mikono minene atatukana kidogo.

Ukiwa huko, bonyeza mipira ya hita iliyo karibu. Oili iliyodondokea hapo kwa miaka huilainisha, na mpira laini ulioumuka unapasuka bila taarifa.

Juu ya injini kuna kelele ya "taka-taka-taka" asubuhi. Injini inakufa?

Hapana. Ni tapeti za haidroliki, zinatakiwa kujaa oili na huchukua muda zikiwa chafu. Badilisha oili na filta, tumia uzito uliopendekezwa kwenye kitabu, uliendeshe mpaka lipate moto kamili. Zikipiga kelele dakika chache za mwanzo tu, mimi ningeziacha. Zikiendelea hata injini ikiwa ya moto, zinaweza kutolewa, kusafishwa au kubadilishwa. Kelele nzito ya chini, inayoongezeka ukikanyaga mafuta, hiyo ni habari nyingine; zima injini.

Belti ya taimingi ikikatika, valvu zinagonga pistoni?

Kwa injini za kizazi hiki, 1.6 na 1.8, hapana. Gari litazima na litabebwa, lakini ndani halitavunjika kitu. Watu wa Porsche 944 hawana bahati hiyo, na wao kuchelewesha belti ni kuitafuta injini nyingine.

Muda wake ni kilomita 100,000 hivi. Kwa gari lisilotembea sana, hesabu miaka. Belti ambayo haijulikani iliwekwa lini, ihesabu kuwa imeisha. Unapofungua, badilisha kwa pamoja pampu ya maji, bearingi za kukazia, sili za mbele za kamshafti na ya kranki. Vyote viko palepale.

Kosa linalorudiarudia ni jino moja. Gari linawaka, linaenda, lakini ni zito. Baada ya kufunga belti, zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye kranki, mizunguko miwili kamili kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kwa mbele, kisha angalia upya alama za I na E za kamshafti na alama ya kranki. Zikilingana, funga vifuniko. Zisipolingana, rudia.

Nimesikia habari za "kranki ya pua fupi". Nitajuaje kama ni yangu?

Chukua tochi na kioo kidogo, tazama puli ya kranki kwa mbele. Mikato minne ni pua fupi, minane ni pua ndefu. Pua fupi ziko kwenye 1.6 za mwanzo, hadi katika mwaka 1991.

Tatizo lenyewe ni hili. Sehemu ya mbele ya kranki inashika puli na gia ya belti kwa urefu mdogo, na kinachozuia visiteleze ni kabari ndogo ya chuma pamoja na bolti moja kubwa. Aliyebadilisha belti akiikaza bolti hiyo chini ya kipimo, puli inaanza kucheza kidogo sana, na kabari inakula njia yake. Njia ikipanuka, taimingi inachelewa, nguvu inapungua kidogo kidogo, na mwenye gari anabadilisha plagi, nyaya, kipima hewa, hata kompyuta, bila nafuu.

Dalili za kuangalia: puli inayoyumba injini ikizunguka taratibu, alama ya taimingi inayorukaruka chini ya taa, sensa ya kamshafti iliyozungushwa mpaka mwisho wa nafasi yake ndipo digrii 10 zipatikane, kutu nyekundu kama unga karibu na bolti.

Ikiwa kabari imekula kidogo tu, wako waliofanikiwa kwa kusafisha kabisa, kuweka kabari na bolti mpya na kujaza nafasi kwa gundi ya vyuma kama Loctite 660. Ikiwa imekula sana, tafuta kranki au injini yenye pua ndefu. Na kama puli yako ya mikato minne imetulia, haiyumbi, taimingi haihami, usiifungue kwa udadisi. Ikilazimika kufunguliwa, bolti iwe mpya. Kipimo cha kukaza kichukue kwenye kitabu cha injini hiyo hasa, kwa sababu pua fupi na ndefu hazikazwi sawa: ndefu inataka Nm 157 hadi 167, fupi iko chini sana ya hapo.

Mshale wa joto unapanda kwenye foleni.

Tazama tangi la plastiki la juu la rejeta. Likiwa jeusi, bado. Likiwa limegeuka kahawia yenye ukijani, siku zake zimehesabiwa, na litapasuka kwenye mshono ukiwa mbali na nyumbani. Badilisha kabla.

Feni ijaribu kwa kuunganisha TFA na GND kwenye kisanduku, ufunguo ukiwa wazi. Ikizunguka, feni ni nzima na wa kushukiwa ni swichi ya joto au hewa iliyonaswa ndani ya mfumo. Mfumo unachukua lita 6 hivi. Ukijaza, inua pua ya gari, fungua hita kwenye moto kabisa, acha injini ipate moto kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi. Kamwe usikifungue ikiwa ya moto.

Pedali ya klachi imelala, gia haziingii.

Silinda ya chini ya klachi, iliyo ubavuni mwa gia boksi. Funua kofia yake ya mpira. Ikimwaga maji ya breki, imekwisha. Inashikwa na bolti mbili na bomba moja. Badilisha pamoja na silinda ya juu kama hujui umri wake, kwa sababu ile mpya ikirudisha shinikizo, ya zamani hufuata upesi. Toa hewa, jaza maji mapya.

Nimeshindwa kurudisha pistoni ya kalipa ya nyuma.

Usiibane kwa klampu. Breki ya mkono iko ndani ya kalipa hiyo na utaivunja. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya namba 14 ambayo ni kifuniko tu. Ifungue, ndani utakuta tundu la ufunguo wa milimita 4. Zungusha kinyume na saa pistoni irudi. Ukishaweka pedi mpya, zungusha kwa mwelekeo wa saa mpaka gurudumu ligome, kisha rudisha nyuma theluthi moja ya mzunguko. Breki ya mkono "iliyokufa" kwenye magari haya mara nyingi inataka marekebisho haya tu.

Zulia nyuma ya viti limelowa, na turubai halivuji.

Matundu ya kutolea maji yameziba. Yako pembeni nyuma ya viti, kwenye kona ambazo turubai linakunjia, na yanatoka chini ya gari mbele ya magurudumu ya nyuma. Yakiziba kwa majani na vumbi, maji yanaingia kabini na ndani ya ukingo wa bodi, na hapo ndipo MX-5 huoza: sehemu ya nyuma ya ukingo, mbele kidogo ya tairi. Pitisha kamba laini ya plastiki, si waya mgumu, maana waya unatoboa mpira ulio ndani. Halafu mimina maji kidogo kidogo uhakikishe yanatoka chini pande zote mbili.

Taa moja haiinuki.

Fyuzi iliyoandikwa RETRACT, kisha plagi ya mota. Kwa dharura, chini ya kofia ndogo ya mpira kwenye mota kuna kitasa cha kuinua taa kwa mkono. Chomoa fyuzi kwanza, vidole ni vyako.

Geji ya oili inakaa katikati muda wote. Ni nzuri?

Inategemea mwaka. Magari ya awali yana geji ya kweli, inapanda na kushuka na mizunguko. Kuanzia mfano wa 1995, Mazda iliweka swichi: kuna shinikizo, mshale unasimama katikati, hakuna, unalala. Geji ya aina hiyo haikuambii chochote mpaka mambo yameharibika, kwa hiyo kijiti cha oili kiangaliwe kila ukijaza petroli.

Vipuri bado vinapatikana?

Vya matumizi, kwa urahisi. Kwa vilivyokuwa vinaadimika, Mazda ilitangaza mwaka 2017 mpango wa kurekebisha upya magari haya Japani, na ukaja na uzalishaji mpya wa baadhi ya sehemu, turubai likiwemo. Soma namba ya kipuri, si jina lake, kwa sababu ya zile tofauti za 1.6 na 1.8.

Kazi gani nisiifanye nyumbani?

Kuchomelea ukingo wa bodi, na eabegi. Springi pia, kama huna kibanio cha uhakika. Springi iliyobanwa ikiponyoka inaua. Mabomba ya chuma ya breki yaliyoshika kutu ninayaweka humo humo, isipokuwa kwa mtu aliyekwisha kufundishwa kuyatengeneza miisho.

Nimenunua MX-5 iliyokaa miaka bila kuwashwa. Niiwashe vipi?

Usizungushe ufunguo siku ya kwanza. Nusa tangi, petroli iliyozeeka inanuka kama vanishi, iondoe yote na ubadilishe filta yake. Kabla ya kufungua mpira wowote wa petroli kwenye gari linalowaka ungetoa shinikizo kwa kuchomoa rilei ya pampu injini ikizunguka mpaka izime. Kwa lililolala muda mrefu shinikizo kwa kawaida limekwisha, ila funika kiungo kwa kitambaa hata hivyo.

Badilisha oili na filta. Toa plagi, mimina oili kidogo kila silinda, iache ikae usiku. Kesho yake zungusha kranki kwa spana, taratibu, mizunguko miwili. Ikigoma, usilazimishe, ongeza oili usubiri tena. Ikizunguka, kagua belti, mipira na maji ya rejeta, pamoja na viota vya panya kwenye sanduku la hewa, ambavyo ni vya kawaida kuliko unavyotegemea.

Kisha, plagi zikiwa bado nje na koili na injekta zimechomolewa, tumia stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili inyanyuke. Ndipo urudishe plagi, uunganishe petroli na uwashe, mtungi wa kuzimia moto ukiwa mkononi mwa mwenzako. Breki zipime kwa kusukuma gari uwanjani kabla ya kutoka getini. Kalipa za gari lililolala huwa zimeshika.